Watatu Chini ya Nguo Moja

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa unyenyekevu: lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi soma kimya, usitoke nalo chumbani, na usimwambie mtu hata neno moja la yaliyomo, si mumeo, si mkeo, si rafiki yako wa chanda na pete. Sikuua mtu. Sikuiba. Lakini nimeandika mstari mmoja ambao sikupaswa kuuandika, na ukijulikana, kuna mzee mmoja atakayeumia kuliko mimi. Nyamaza kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Hapo juu sijasema kweli yote. Ni kwa ajili yangu pia.

Jumatatu, 3 Machi

Nianze na kazi yangu, la sivyo kosa langu halitaeleweka.

Mimi ni karani wa kadi katika ofisi ya kamusi. Ofisi ina vyumba vinne chini ya paa moja la bati: chumba cha Mhariri, chumba cha chapa, chumba cha kadi, na stoo ya karatasi za zamani. Kila maana ya kila neno ina kadi yake, ndogo kama kiganja. Juu huandikwa neno. Katikati huandikwa sentensi ambamo neno hilo limetumika. Chini huandikwa mahali sentensi ilipopatikana: kitabu gani, gazeti gani, barua ipi, ukurasa upi. Pembeni karani aliyeinakili huweka alama yake. Yangu ni duara dogo lenye mstari kati. Juu ya mlango Mhariri amebandika sheria ya nyumba kwa mwandiko wake mwenyewe: HAKUNA KADI, HAKUNA MAANA.

Mhariri tunamwita Mzee Nukta, hata akiwa anasikia, kwa sababu anaweza kumaliza asubuhi nzima akibishana na nukta moja. Ana miaka sabini na minne, na kamusi hii ameifanyia kazi miaka thelathini na mmoja. Mpiga chapa wetu ni Mama Chapa, mwanamke mnene mcheshi anayejua siri za kila mtu na hatoi hata moja mpaka aulizwe mara mbili. Mimi ndiye wa tatu, na niko katika majaribio. Masika yakiisha, nitathibitishwa kazini au nitaambiwa ahsante.

Tumefika herufi N. Neno "nguo" Mzee amesema atalishughulikia mwenyewe.

"Maneno makubwa wapeni vijana," alisema leo. "Haya madogo ya kila siku niachieni mimi. Haya ndiyo yanayong'ata."

Jumatano, 5 Machi

Nimezunguka siku mbili. Sasa niseme.

Wiki mbili zilizopita Mzee alinituma nikusanye kadi zote za "nguo". Akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata. "Tazama," akasema. "Leo ukitaja nguo, mtu anaona shati, gauni, suruali, kitu kilichokatwa kikashonwa. Lakini vitabu vya kale vina nguo ya meza. Wakati huo nguo ilikuwa kitambaa chochote. Ukirudi nyuma zaidi, wataalamu wa lugha zilizo ndugu wa yetu wanasema neno hili lilikuwa na b katikati, na lilitaja ngozi ya mnyama. Kusini ya mbali, neno lililo ndugu yake bado maana yake ni blanketi. Kwa hiyo: ngozi, halafu kifuniko, halafu kitambaa, halafu vazi. Ya kwanza ninayo kwa majirani. Ya tatu na ya nne ninazo hapa kwetu. Ya pili iko wapi? Hakuna mtu wetu hata mmoja aliyewahi kulala chini ya nguo akaliandika? Nitafutie, binti yangu. Nakupa wiki."

Nilitafuta wiki nzima mpaka macho yakawa mekundu. Sikupata kitu. Kila asubuhi aliniuliza, "Vipi?" na kila asubuhi sauti yake ilikuwa na tumaini zaidi kuliko jana, mpaka nikawa naogopa kusikia viatu vyake. Ijumaa ya tarehe 28 nilichukua kadi tupu nikaandika:

*Tulilala watatu chini ya nguo moja.*

Chini nikaandika: Barua, bunda la saba, barua ya 63. Pembeni nikachora duara langu.

Bunda la saba ni barua za ukoo mmoja wa zamani, mia moja na kumi na nane, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nililichagua kwa sababu mwandiko wake ni mbaya na hakuna anayelifungua. Ona nilivyokuwa mwangalifu.

Sentensi yenyewe sikuitoa hewani. Nadhani nilimsikia shangazi akiisema siku moja, akisimulia utoto wao. Nadhani.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeanza.

Jumanne, 11 Machi

Ninaishi kwa shangazi, dada yake baba. Ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni chake na mashine yake. Mimi nina kitanda nyuma ya pazia. Leo nilirudi nimelowa nikamkuta anatandaza kitambaa cha bluu mezani.

"Shangazi, hicho ni nini?"

"Umesoma mpaka umesahau? Kitambaa."

"Si nguo?"

"Nguo ni mpaka nikate, nishone, na mwenyewe aje kulalamika kwamba inambana."

"Na bibi je? Alikuwa anasemaje?"

Akacheka na pini mdomoni. "Mama alikuwa anaingia dukani anasema, nipimie nguo. Muuzaji anashika rula yake, anapima, wala hakuna anayecheka. Siku hizi nenda dukani useme nipimie nguo. Watakupima kiuno."

Nilitaka kumuuliza: je, ni kweli mlilala watatu chini ya nguo moja? Lakini sikuuliza. Akisema hapana, nitakuwa najua. Sasa hivi nadhani tu, na kudhani kunanipa pa kujishikiza.

Nilipokuwa nakunywa chai jirani alikuwa akigombana na mtu nje. "Umenivua nguo mbele za watu!" alipiga kelele. Alikuwa amevaa vizuri tu, koti na kofia. Nikawaza: hapo nguo si shati wala kitambaa. Ni kile ambacho watu wanadhani juu yako. Maana hiyo tunayo kwenye kadi, na imethibitishwa mara sita.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Sikula mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee ametusomea kidahizo chake cha "nguo", yaani neno lenyewe pamoja na maana zake zote. Amekibadilisha chote. Kinaanza na ngozi, kinapita kwenye sentensi yangu, kinashuka hadi kwenye shati. Sentensi yangu iko katikati kama daraja, na kila kitu kinavuka juu yake.

"Watatu chini ya nguo moja," alirudia, akifumba macho. "Sikiliza jinsi lilivyokaa. Hata sijui kama walikuwa ndugu au wageni. Mama Chapa, unaona?"

"Naona, Mzee. Walikuwa na baridi."

"Walikuwa na baridi!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia. "Unajua bunda hilo nililisoma lote nilipokuwa kijana? Barua zote mia na kumi na nane. Mimi na kalamu yangu. Na sikuliona. Limepita mbele ya macho yangu nikaliacha liende."

Nilisema, "Labda ulikuwa umechoka, Mzee."

"Sikuchoka. Nilidhani naona."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Paa linavuja, ndoo mbili stoo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ndoo tatu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimekuta Mzee chumba cha kadi kabla yetu sote, ametoa droo za herufi A na B, kazi aliyoifunga miaka ishirini na sita iliyopita. Anazisoma upya kadi zake za ujanani.

"Kuna nini, Mzee?"

"Kama nimepitwa na lile la nguo," akasema bila kuinua kichwa, "nimepitwa na mangapi mengine?"

Mama Chapa amejaribu mzaha wake wa kawaida, kwamba ukirudi A tena utafika Z ukiwa kaburini. Hakucheka. Anageuza kadi moja, anairudia, ndipo anashika nyingine.

Nilidhani kadi ya uongo inakaa tu pale ilipowekwa. Kumbe inatembea. Mtu mkweli akiiamini, anaacha kuamini vitu vyake vya kweli.

Alhamisi, 27 Machi

Barua imetoka kwa mchapishaji. Wamekipenda kidahizo cha "nguo" kuliko vyote. Wanataka kuweka picha ya ile barua ya 63 mwanzoni mwa herufi N, ukurasa mzima. Mpiga picha atakuja wiki ya pili ya Aprili.

"Lete bunda la saba, binti yangu," alisema Mzee. "Nataka kuiona kwa macho yangu kabla hajaja."

Nikamwambia kamba ni mbovu na karatasi zinavunjika, nizilainishe kwanza. Akasema nimefikiri vizuri. Nilitoka nje kwenye baraza, nikashika nguzo.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwambia bunda lina ukungu, nalipigisha hewa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama Chapa ameniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanisukumia kikombe cha chai.

"Haya, sema."

"Niseme nini, mama?"

"Mimi ni mama wa watoto wanne. Mtoto akisema kitu kina ukungu huku anatazama viatu vyake, si kitu kile chenye ukungu."

Nikanywa chai. Yeye akarudi kupiga chapa, kwa vidole viwili tu, taratibu, kama anayenisubiri nipande gari. Ni mwepesi wa kucheka lakini ni mzito wa kusahau. Mwisho akasema: "Sikuulizi mara ya pili. Mimi ndiye ninayeulizwa mara mbili, si ninayeuliza. Ila jua kwamba juzi Mzee aliniuliza kama kuna daktari mzuri wa macho."

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ndoo tano. Bati la stoo limelegea upande wa rafu ya mabunda.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika hili polepole, kwa sababu mkono wangu una haraka ya kulimaliza.

Mpiga picha anakuja kesho kutwa. Asubuhi mvua ilikuwa nzito mpaka tukawa tunasemeshana kwa kupayuka. Saa tano Mzee alinituma stoo. "Sogeza ndoo kubwa chini ya rafu ya mabunda," alisema. "Pale juu ya la sita na la saba panavuja. Wahi."

Nilikwenda. Tone lilikuwa linaanguka kwenye ubao wa rafu, shubiri moja kutoka kwenye bunda la saba. Baada ya muda lilihama kidogo, kama maji yanavyofuata msumari. Nikaona litakakofika. Nikaichukua ndoo kubwa nikaiweka chini sakafuni, mbele ya rafu. Si juu ya rafu. Sakafuni, mahali ambapo mtu akiingia ataona ndoo na kusema: aliweka ndoo.

Halafu nikatoka nikafunga mlango, nikakaa mezani kwangu nikinakili kadi za "ngwe". Nilinakili nne bila kosa. Huo ndio ukweli ninaouogopa kuliko yote: mwandiko wangu haukutetemeka.

Nilichokuwa nakifikiria ni hiki. Karatasi zikilowa, wino utayeyuka. Hakutakuwa na barua ya 63, wala 62, wala yoyote. Hakuna atakayeweza kusema sentensi ilikuwepo au haikuwepo. Nitabaki na kadi, na nyumba hii inaamini kadi.

Sijui muda uliopita. Labda nusu saa. Mama Chapa alipita mlangoni akiimba kidogo, na wimbo wake ukanifanya nikumbuke kwamba zile barua ziliandikwa na watu. Sitaki kujipamba. Sikuwa nimetubu. Nilishtuka tu, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nikakimbia.

Bunda lilikuwa limelowa upande mmoja mpaka kamba. Nililibeba kifuani kama mtoto, maji yakaingia kwenye blauzi yangu, na nikapiga kelele nikimwita Mzee.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana jioni tuliweka karatasi kati ya magazeti makavu. Leo asubuhi nimekuja na pasi ya shangazi na kitambaa chake cha kupigia pasi. Mama Chapa alipiga pasi, moto wa chini kabisa, kitambaa juu ya kila karatasi. Mimi nilitenganisha. Mzee alikaa mwisho wa meza ndefu na kioo chake cha kukuzia, na kila karatasi iliyokauka niliiweka mbele yake.

Wino umeyeyuka kingoni tu. Kati zinasomeka.

Alizisoma zote. Alikuwa akitusomea vipande kwa sauti. "Huyu anaulizia mbuzi. Huyu anasema mkwewe ni mchoyo. Huyu, Mama Chapa, sikiliza, huyu anaomba msamaha kwa kuja harusini na kanzu ya kuazima." Mama Chapa alicheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Hamsini na nane. Hamsini na tisa.

Barua ya 63 aliisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena. "Ngazi," akasema taratibu. "Anadai arudishiwe ngazi." Akafikiri. "Namba zitakuwa zimehama." Akaendelea. Aliendelea mpaka ya 118, na tulikuwa tumepita saa ya kula na hakuna aliyesema njaa.

Kisha akaweka kioo chini. Akasugua macho kwa vidole gumba, kwa nguvu, kama anayetaka kuyatoa.

"Binti yangu," akasema, "macho yangu yamekwisha. Iko hapa na siioni. Mimi ndiye niliyewafundisha watu kuona. Nisomee wewe."

Akaniwekea barua ya 63 mkononi.

Mwandiko ulikuwa mbaya, na maji yalikuwa yamekula pembe. Ningeweza kusoma chochote. Alikuwa amefumba macho tayari, kama siku ile ya kidahizo, anasubiri kusikia lilivyokaa. Mama Chapa alikuwa ameinua pasi na hakuishusha.

Nikasoma kuhusu ngazi. Nilisoma neno kwa neno: kwamba ngazi iliazimwa tangu mavuno, kwamba ina vidato tisa na cha nne kimefungwa kamba, kwamba paa linahitaji kuezekwa, na kwamba mwandishi hana ugomvi na mtu. Nikasoma salamu zake. Nikafika mwisho.

"Na sentensi?" akauliza Mzee.

"Haimo, Mzee. Haimo humo wala kwenye barua nyingine yoyote. Niliiandika mimi."

Nilitegemea apige meza. Alifungua macho. Akanyoosha mgongo, na kwa dakika moja uso wake ukawa wa kijana kabisa.

"Kwa hiyo sikupitwa," akasema.

"Hukupitwa, Mzee."

"Macho yangu ni mazima."

"Ni mazima."

Akacheka kidogo, peke yake. Halafu nikaona mengine yakimfikia, moja baada ya jingine: kidahizo, mchapishaji, picha, droo za A na B. Uso ukazeeka tena. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na nilijua nikinyamaza sitasema tena maishani, nikamwambia na habari ya ndoo.

Akasimama. "Sentensi moja uliongeza," alisema. Hakupaza sauti. "Hawa mia na kumi na nane ulitaka kuwafuta."

Akatoka mvuani bila mwavuli. Mama Chapa akaizima pasi, akachukua mwavuli wake mwenyewe, akamfuata.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpiga picha amerudishwa. Mimi nimeambiwa nibaki nyumbani mpaka Jumatatu.

Nimemweleza shangazi yote. Alikuwa anapinda suruali. Hakusimamisha mashine mpaka nilipofika kwenye ndoo.

"Shangazi, uliwahi kusema mlilala watatu chini ya nguo moja?"

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake. "Tulilala watatu, hilo ni kweli. Mimi, baba yako, na marehemu dada yetu."

"Chini ya nguo?"

"Labda nilisema nguo. Labda nilisema shuka. Mtoto wee, nani anakumbuka neno alilolisema akiwa na pini mdomoni?"

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Sikiliza. Nivae vizuri Jumatatu, twende pamoja. Nitamwambia huyo mzee wako nililisema. Nitaapa. Mimi ni mtu mzima, atanisadiki."

"Ulilisema?"

"Kwa ajili yako nimelisema."

Alikuwa anamaanisha. Angefanya hivyo, na uso wake usingebadilika. Nilimtazama, fundi huyu aliyenilea na kunisomesha, nikaona sitaki hata kidogo aingie kwenye ile ofisi na kuwa kadi yangu ya pili ya uongo.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Baki tu bila kujua."

Jumatatu, 14 Aprili

Mzee alikuwa amekaa mezani pake. Kadi ya sentensi ilikuwa mbele yake, peke yake.

"Una kadi ngapi humu ndani?"

"Elfu moja mia moja na arobaini."

"Nyingine za uongo?"

"Hakuna, Mzee."

"Nikuamini?"

"Hapana," nikasema.

Lilikuwa jibu la kwanza kumpa bila kulipima. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea kitu kidogo lakini kizima.

Akaniuliza sentensi niliitoa wapi. Nikamwambia habari za shangazi. Akainuka, akafungua droo ya mwisho kabisa ukutani, ambayo sikuwahi kuifungua. Ilikuwa imejaa. "Kadi za mdomo," akasema. "Mtu aliyesema, kazi yake, siku aliyosema. Ungeandika: shangazi yangu, fundi cherehani, jikoni, siku fulani. Ningeichapa. Hukuuliza." Akaiacha droo wazi. "Bado naweza. Akija akasema alilisema, nitaandika kadi kwa mkono wangu mwenyewe na daraja litabaki."

Nilijua maana ya hilo. Kidahizo chake kingepona. Pengine na mimi.

"Hakumbuki, Mzee. Hajui kama alisema nguo au shuka."

Akaichukua kadi yangu akaichana katikati, vizuri, kwa kuifuata mistari.

Uamuzi ni huu. Kila kadi yenye duara langu itatolewa na kulinganishwa na chanzo chake. Mama Chapa atasoma, Mzee atathibitisha. Mimi nitaleta vitabu na kuvirudisha rafuni, lakini sitashika kalamu. Masika yakiisha nitaondoka. Kwa mchapishaji ameandika: *kosa ni la ofisi yangu*. Nilimwomba ataje kwamba ni mimi. Akasema jina la karani si kidahizo.

Jumanne, 15 Aprili

Kadi 44. Zote sawa. Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Kadi 61. Zote sawa.

Alhamisi, 24 Aprili

Kadi moja haikupatikana chanzo. Gazeti limeliwa na mchwa. Naapa niliiona sentensi ile kwa macho yangu, ukurasa wa tatu, juu kushoto. Mama Chapa alinitazama kwa huruma, na Mzee akaiweka kando. Sikubisha. Ndiyo gharama yake: hata kweli yangu sasa inahitaji shahidi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepungua. Mzee amerudisha droo za A na B mahali pake. Leo amebishana na nukta kwa saa mbili, na Mama Chapa akanikonyeza.

Jumatatu, 12 Mei

Tumemaliza. Elfu moja mia moja na thelathini na moja zimethibitika. Tisa hazikuthibitika. Kidahizo cha "nguo" kimekwenda kwa mchapishaji kikianza na ngozi ya majirani, kisha kinaruka hadi maana zetu zenye kadi, kitambaa, vazi na ile ya kuvuliwa nguo, na hakisemi lolote kuhusu kulala. Kimekuwa kifupi. Nilikisoma mara nyingi. Hakuna daraja, kuna kingo mbili, na mto unapita katikati bila mtu kujifanya kwamba ameuvuka.

Wakati wa kuagana Mzee hakunipa mkono. Alinipa kazi ya kadi za mdomo. "Maneno hayahitaji ofisi ili yasikilizwe," alisema. "Na huyo fundi wako ana mdomo mzuri."

Mama Chapa alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Jumatano, 14 Mei

Kesho nikienda kurudisha ufunguo wa ofisi, daftari hili nitaliacha kwenye droo ya N, nyuma ya kadi zangu, kwa karani atakayekuja.

Ukikuta kadi yenye duara na mstari, na una shaka nayo, usiitupe na usiiamini. Njoo uniulize. Tisa zile zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Nakumbuka kila moja nilipoiona, na siku utakayopata muda tutazitafuta pamoja.

Na kama kuna mtu yeyote, popote, ana barua ya zamani, hati, orodha ya vitu vya nyumbani, chochote ambamo mtu analala chini ya nguo, nataka kujua. Si kwa kamusi. Nataka tu kujua.

Kunifikia: toka kwenye geti la ofisi, shika mkono wa kulia mpaka mwisho wa ukuta mrefu. Pita duka la fremu za picha, halafu panda ngazi za nje zenye kishikio cha chuma. Ghorofa ya kwanza, mlango wa pili, wenye pazia la vipandevipande. Nipo kila siku tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja, isipokuwa Jumatano, ninapopeleka nguo za wateja. Usiponikuta, shangazi atakukalisha, ila usimwulize lolote akiwa na pini mdomoni. Piga hodi kwa nguvu, mashine ina kelele.

Na usije na sentensi peke yake. Njoo na karatasi yenyewe.